Mjukuu wa Ben Kiwanuka kwenye NFL: ilikuwaje akamwachia Vince Young?

#1 Fundi Rejeta
Wakuu salaam.

Kuna kipande cha mechi ya zamani ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kimeninyima raha. Tarehe 26 Novemba 2006, New York Giants wako ugenini Nashville kwa Tennessee Titans. Robo ya nne inaanza Giants wanaongoza 21-0. Titans wakaamka, ikawa 21-14. Dakika zinayoyoma, Titans wako kwenye jaribio la nne na wanadaiwa yadi 10. Wakikwama hapo wanakabidhi mpira, watu wanakwenda kuoga.

Kijana mmoja wa Giants akapenya, akamfikia kwotabeki (mrusha pasi) wa Titans, Vince Young, akamzungushia mikono kiunoni. Kamshika hasa, si kugusa. Halafu akafungua mikono na kumwachia! Young mwenyewe nadhani alishangaa. Akachomoka, akala yadi 19. Titans wakasawazisha, na zikiwa zimebaki sekunde 6 mpigaji wao Rob Bironas akaupeleka mpira katikati ya nguzo kutoka yadi 49. 24-21.

Huyo kijana ni Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Amecheza misimu tisa Giants, ana pete mbili za ubingwa wa Super Bowl, fainali ya NFL, na ukimtaja kijiweni hapa Dar hakuna anayemjua.

Nina maswali mawili. Alimwachia kwa nini? Na je, ile picha moja ndiyo iliyomfunika maisha yake yote ya uwanjani?

#2 Chai Maharage
Mpira wa kushikana mashati huu. Nimekaa pale, karanga ninazo.

#3 Wa Ngara
Hii haihitaji uzi mrefu bana. Ni woga wa faulo. Kwotabeki akishaachia pasi halafu umwangushe, refa anarusha kitambaa cha njano: yadi 15 na Titans wanapewa majaribio mapya. Yeye mwenyewe aliwaambia waandishi kwamba alidhani mpira umeshatoka mkononi. Sasa piga hesabu. Kama mpira umetoka na pasi haikukamatwa, mechi imeisha. Ukimbwaga Young chini wakati huo, umewafufua wewe mwenyewe. Kwa alichokuwa anakiamini sekunde ile, kuachia kulikuwa ni akili.

#4 Mzee wa Ukweli
Mleta uzi rekebisha. Waziri mkuu wa kwanza wa Uganda ni Milton Obote. Hayo tumesoma darasani.

#5 Mwana wa Masaka
Nawasalimu kutoka Kampala. Mzee wa Ukweli, Ben Kiwanuka aliapishwa kuwa waziri mkuu tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopata serikali ya ndani. Chama chake cha Democratic Party kilikuwa kimeshinda uchaguzi wa 1961, ambao watu wa Mengo, yaani wa Kabaka wa Buganda, waliususia. Aprili 1962 ukafanyika uchaguzi mwingine, Obote akaungana na chama cha Kabaka Yekka wakamtoa. Uhuru wa tarehe 9 Oktoba ulimkuta Obote kwenye kiti. Kwa hiyo Obote ni wa kwanza wa Uganda huru, na Kiwanuka ndiye aliyekikalia kiti hicho kabla ya mtu mwingine yeyote.

#6 Mzee wa Ukweli
Miezi miwili nayo ni uwaziri mkuu? Haya.

#7 Kibendera
Naunga mkono #3 ila naongeza. Mimi napuliza filimbi ligi za huku mkoani. Nendeni uwanjani mkawaangalie mabeki ndani ya boksi siku hizi: krosi inakuja, beki kaweka mikono mgongoni kama anakaguliwa na polisi, anaogopa mpira usimguse mkono. Mtu kaja kuzuia, lakini nusu ya akili yake iko kwa refa. Wakati mwingine mshambuliaji anampita pembeni kabisa, yeye bado kashika mikono yake nyuma. Sheria ikikazwa sana, mchezaji hulindwa na mzuiaji mwenyewe. NFL wanawalinda kwotabeki kuliko mtu yeyote uwanjani, na kijana alikuwa mgeni, msimu wake wa kwanza.

#8 Dada wa Scrum
Hapana Kibendera. Nimecheza raga, naangalia mikono na macho. Ukimshika mtu kiunoni kichwa chako kinakuwa ubavuni au mgongoni kwake, mpira huuoni. Vince Young alikuwa na mwili, mita 1.96, sawasawa na Kiwanuka mwenyewe. Mkono wake wa kurushia uko juu kabisa ya macho yako. Akiutikisa kidogo tu unahisi bega linaondoka, unasema ametupa. Woga wa faulo ulikuja baada ya macho kukosa taarifa. Msiruke hatua.

#9 Wa Ngara
Dada wa Scrum, tunasema kitu kimoja.

#10 Dada wa Scrum
Hatusemi kimoja. Wewe unasema aliamua. Mimi nasema alidanganyika.

#11 Chai Maharage
Wakuu jibu liko kwenye ukoo. Babu alikuwa jaji, akaamuru mtu aachiwe. Mjukuu naye kamwachia mtu. Damu nzito kuliko maji 😂

#12 Mwana wa Masaka
Ndugu yangu, hapo punguza. Unajua ni nani aliyeamriwa aachiwe, na kilichofuata?

Amin alipompindua Obote Januari 1971 alimtoa Kiwanuka kizuizini, alikokuwa amewekwa na Obote tangu 1969. Akamfanya Jaji Mkuu. Septemba 1972 nchi ilikuwa inatokota: Waasia wamepewa siku 90 waondoke, na tarehe 17 watu wa Obote wakavuka mpaka kutoka Tanzania wakitaka kumng'oa Amin, wakashindwa. Katikati ya hayo kukaletwa mahakamani kesi ya Mwingereza mmoja mfanyabiashara, Stewart, aliyekamatwa na wanajeshi. Kiwanuka akasema jeshi halina mamlaka ya kumkamata raia namna ile, aachiwe. Tarehe 21 Septemba asubuhi wakamfuata kwenye jengo la Mahakama Kuu, mchana kweupe, wakamtoa na kuondoka naye. Mwili wake haujapatikana mpaka leo. Mahakama za huku humkumbuka kwa mhadhara wenye jina lake.

Ndiyo maana wengine hatucheki jina hilo likiunganishwa na neno kuachia.

#13 Chai Maharage
Sawa mkuu, nimepokea. Tuendelee na mpira.

#14 Mpenda Takwimu
Tuendelee basi. Mnamjadili kama vile mechi ile ilikuwa ya mtu mmoja. Giants waliruhusu pointi 24 robo moja. Jaribio la nne lilikuja baadaye, kabla yake kwotabeki wa Giants, Eli Manning, alimtupia mdakaji wake Plaxico Burress pasi ndefu ikanaswa na Pacman Jones wa Titans, na Burress hakujisumbua sana kumkimbiza. Baada ya Titans kusawazisha, Eli akatupa nyingine, Pacman huyohuyo akaidaka, ndiyo iliyompa Bironas nafasi ya kupiga. Kiwanuka akiondolewa kwenye filamu hii bado mna washukiwa wa kutosha.

Na alikuwa anafanya nini uwanjani? Wenzake wa nafasi ileile hawakuwepo: Michael Strahan alikuwa ameumia mguu mwanzoni mwa Novemba. Osi Umenyiora nje. Justin Tuck nje. Giants walianza msimu ushindi sita kwa vipigo viwili, na siku ile ya Nashville wakafika sita kwa vitano. Timu ilikuwa inaporomoka na mgeni kakabidhiwa mlango.

#15 Fundi Rejeta
Mpenda Takwimu shukrani, hilo la Strahan sikulijua. Lakini mlango huohuo ndio ulioachwa wazi!

#16 Mbeba Boksi
Nipo Indianapolis wakuu, napiga shifti za usiku ghalani. Huyu jamaa ni wa hapa. Kazaliwa hapa 1983, kasoma Cathedral, sekondari ya Kikatoliki inayojulikana sana kwa mpira, kisha akaenda Boston College. Huko aliweka rekodi ya chuo ya kuwaangusha makwotabeki, mara 37 na nusu. Nusu ni pale mnapomwangusha wawili, mnagawana.

Waganda wa hapa wanamjua vizuri, msidhani kasahaulika. Waliosahau ni huko nyumbani, na hamkuwahi kumjua ili mumsahau.

#17 Mzee wa Ukweli
Kwa hiyo ni Mmarekani. Kazaliwa Indianapolis, kasoma Indianapolis. Tuache kujipendekeza kwa kila mwenye jina la kwetu. Kesho mtasema yule mwimbaji wa Uingereza, Michael Kiwanuka, ni binamu yake.

#18 Mwana wa Masaka
Kwani Kiwanuka ni jina la familia moja? Buganda wako wengi. Yuko Mtakatifu Achileo Kiwanuka, mmoja wa Mashahidi wa Uganda. Yuko Askofu Joseph Kiwanuka wa kwetu Masaka, aliyewekwa wakfu 1939. Hawa hawahusiani na Mathias. Kwa Ben ni babu yake kweli, na wazazi wake wametoka Uganda. Mtu anaweza kuzaliwa Indianapolis na kaburi la babu yake likawa linatafutwa Kampala.

#19 Wa Ngara
Kama mnataka mtu wa kwetu aliyezaliwa kwetu, ni Daniel Adongo. Mkenya mtupu. Alicheza raga Afrika Kusini na New Zealand, 2013 Indianapolis Colts wakamchukua hajawahi kucheza mechi hata moja ya mpira wa Kimarekani. Desemba mwaka huohuo akaingia uwanjani kwenye mechi ya NFL. Mkenya wa kwanza.

#20 Mbeba Boksi
Adongo nilimwona uwanjani Lucas Oil wakati wa kupasha misuli. Mtu mmoja ni kabati. Ila majeraha hayakumpa nafasi, na kujifunza mchezo ule ukubwani ni kazi. Raga unakimbia na kufikiri palepale. Huku kuna daftari zima la michezo ya kukariri, unatakiwa ujue kila mwenzio anakwenda wapi kabla mpira haujaondoka.

#21 Dada wa Scrum
Si lazima ukwame. Jordan Mailata alitoka kwenye raga ya Australia bila mechi hata moja, Philadelphia Eagles wakamchukua 2018 raundi ya saba, na Februari 2025 kabeba Super Bowl akiwa mlinzi wa kutegemewa wa kwotabeki wao. Siku hizi NFL wana mpango maalumu wa wageni, ulioanza 2017. Adongo alifika kabla ya mpango huo, akajifunzia gizani.

#22 Mpenda Takwimu
Mada ni Kiwanuka wakuu. Swali la pili la mleta uzi halijaguswa. Kwa maoni yangu kilichomfunika si Nashville, ni Giants wenyewe kutojua wamweke wapi.

2006 anacheza pembeni ya mstari wa mbele, anamkimbilia kwotabeki. 2007 anakuja kocha mpya wa ulinzi, Steve Spagnuolo, Kiwanuka anarudishwa nyuma kuwa lainibeka, mzuiaji anayesimama nyuma ya mstari wa mbele, kwa sababu mbele kumejaa: Strahan, Umenyiora, Tuck. Novemba anavunjika mfupa wa mguu Detroit, msimu umekwisha. 2008 Umenyiora anaumia goti kabla ya ligi kuanza na Strahan kastaafu, Kiwanuka anarudishwa mbele, anaangusha mara 8. Huo ndio msimu wake bora. 2009 Umenyiora kapona, anagawana dakika. 2010 anaanza kwa moto, mara 4 kwenye mechi tatu za kwanza, shingo ikamsaliti, diski, nje msimu mzima. 2011 lainibeka tena. Mpaka anaachwa Machi 2015 jumla ni 38 na nusu.

Mwambieni fundi yeyote ashone suruali Jumatatu na aezeke paa Jumanne halafu mumuulize mbona hajulikani mjini.

#23 Kibendera
Wapo wanaosema kinyume chake. Mtu anayeweza nafasi mbili ndiye anayedumu. Misimu tisa timu moja katika mchezo ule ni mingi mno, wengi hawafiki hata minne. Angekuwa wa nafasi moja tu, pale kwenye foleni ya akina Strahan angekaa benchi akaondoka.

#24 Mpenda Takwimu
Kudumu na kuvuma ni mambo mawili.

#25 Bi Shifti
Nimechelewa, nimesoma zote. Kuna kitu hamjakitaja na ndicho kinachonichekesha kwenye habari hii. Super Bowl ya Februari 2008, Giants dhidi ya New England Patriots waliokuwa hawajafungwa msimu mzima. Imebaki dakika moja na sekunde chache. Eli Manning anazingirwa, wanamshika jezi, inavutika mpaka inaonekana kama khanga iliyonaswa kwenye mlango wa daladala. Wakashindwa kumwangusha! Akachomoka, akatupa, David Tyree akaudaka mpira na kuubana kwenye kofia yake ya chuma. Yadi 32. Giants wakashinda 17-14.

Yaani timu iliyomwachia Vince Young ndiyo hiyohiyo iliyookolewa na kwotabeki aliyeshikwa akaachiwa. Na Kiwanuka alikuwa pembeni na mguu wake uliovunjika, anaangalia.

#26 Fundi Rejeta
Bi Shifti hapo umenimaliza. Nimerudi kuitazama. Kweli refa angepuliza mapema hapo kusingekuwa na Tyree.

#27 Wa Ngara
Na hiyo inaleta maelezo mengine. Sheria inamruhusu refa kupuliza kama kwotabeki ameshikwa barabara na hawezi kujinasua, ili asiumizwe. Huenda Kiwanuka alishika akasubiri filimbi. Filimbi haikuja.

#28 Dada wa Scrum
Asingesema alidhani mpira umetoka. Angesema alisubiri filimbi.

#29 Wa Ngara
Mchezaji baada ya mechi anasema linalomtoka kwanza. Wewe ukiulizwa dakika kumi baada ya kupoteza mechi namna ile utatoa maelezo yenye vifungu?

#30 Mzee wa Ukweli
Pete ya 2008 hakuicheza basi. Ana pete moja na nusu, kama zile za kugawana mlizosema.

#31 Mbeba Boksi
Mzee wa Ukweli wewe! Alicheza mechi kumi za msimu ule kabla ya mguu, na pete anapewa kila aliyekuwemo kikosini. Ya pili hiyo huwezi kumpunguzia hata robo. Februari 2012, Giants na Patriots tena, 21-17, na ilichezwa HAPA Indianapolis. Mtoto wa hapa anarudi kwao kucheza fainali, tena anaanza kikosi cha kwanza.

Wiki ile mji haukulala. Mtaa wa Capitol walifunga kamba ndefu juu ya barabara, watu wanaruka na kuteleza kichwani kwa wapita njia. Mimi natoka kazini alfajiri na buti zangu za ghalani, juu yangu bado waya zinaning'inia. Bosi wangu, Mzungu, akaniuliza kama namjua Kiwanuka kwa kuwa "natoka kulekule". Nikamwambia kutoka kwetu mpaka Kampala ni safari ya siku mbili kwa basi. Akasema basi ni jirani.

#32 Mwana wa Masaka
😂 Huyo bosi mpe salamu.

#33 Bi Shifti
Siku ile mshindani wake wa Nashville alikuwa wapi? Vince Young alichaguliwa wa tatu kwenye drafti ya 2006, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, akapewa tuzo ya mgeni bora wa ushambuliaji, kila mtu anasema huyu ndiye. Kiwanuka aliyechekwa alichaguliwa wa 32. Kufikia 2012 Young hakuwa tena na Titans. Mnaosema picha moja ilimfunika mtu, ilimfunika nani hasa?

#34 Kibendera
Young naye alikuwa na majeraha na mengine yake. Usimhukumu.

#35 Chai Maharage
Kwenye drafti Watanzania tuna la kusema. Hasheem Thabeet, NBA 2009, namba MBILI. Akachukuliwa na Memphis Grizzlies kabla ya James Harden na Stephen Curry. Heshima yetu.

#36 Wa Ngara
Hiyo ndiyo heshima au ndiyo kesi? Memphis mpaka leo wakikumbuka wanalia 😂

#37 Chai Maharage
Mkenya, lete namba mbili yako tuione.

#38 Mpenda Takwimu
Jamani. Kwa kuwa mmetaja drafti, nafasi ya 32 ina hadithi yake. Giants walikuwa na namba 25. Wakawauzia Pittsburgh Steelers nafasi hiyo, wakashuka mpaka 32 na kupewa chaguo mbili nyingine za raundi za chini. Kwa 25 Steelers wakamchukua Santonio Holmes, mdakaji. Holmes huyo ndiye aliyedaka pasi ya ushindi kwenye kona dhidi ya Arizona kwenye Super Bowl ya Februari 2009, akawa mchezaji bora wa fainali. Nani alipata biashara nzuri?

#39 Fundi Rejeta
Steelers, bila ubishi.

#40 Bi Shifti
Ubishi upo. Giants walipata misimu tisa ya mtu mmoja na mataji mawili wakiwa naye. Holmes, Steelers walimuuza kwa Jets 2010.

#41 Dada wa Scrum
Mataji mawili "wakiwa naye" siyo mataji mawili "kwa sababu yake". La kwanza alikuwa na magongo.

#42 Mbeba Boksi
La kwanza wangefikaje huko bila zile mechi kumi? Walimaliza na ushindi 10 kwa vipigo 6, wakaingia kwa mlango wa nyuma. Ondoa ushindi mmoja au miwili uone.

#43 Dada wa Scrum
Nitajie mechi moja kati ya hizo kumi aliyoiamua yeye. Jina la timu na alichofanya.

#44 Mbeba Boksi
Naingia shifti. Nikitoka asubuhi nakuja nayo, usifunge mlango.

#45 Chai Maharage
Karanga zimeisha. Nani yuko karibu na duka?